Meza ya Kilo 64 Iliyolipiwa kwa Kilo 243: Uchambuzi wa Kisa cha Duka la Mtandaoni la Samani za Kale na za Mtindo wa Kiwandani

Usuli

Kisa hiki kinahusu biashara ya watu wawili: fundi mwenye uzoefu wa muda mrefu katika useremala na uchomeleaji wa vyuma, na shemeji yake aliyetokea katika kazi ya uhasibu. Majina, mahali na alama zote zinazoweza kuwatambulisha zimeondolewa, na bei hazikutajwa kwa sababu hiyo hiyo. Vipimo vya bidhaa vimeachwa kwa kuwa pasipo vipimo kisa chenyewe hakieleweki.

Wazo lilianza pale kiwanda kimoja kilipofungwa na vifaa vyake kuuzwa kwa mkupuo. Kulikuwa na makabati ya chuma ya wafanyakazi, stuli za kuzunguka, benchi za kazi ambazo baadhi yake zilikuwa bado na jiliwa zake (vibanio vya kushikilia kazi), makasha ya droo ndogo za kuhifadhia skrubu, taa za kuning'inia, na rundo la mbao nene zilizong'olewa sakafuni. Muuzaji hakuruhusu mtu kuchagua. Anayetaka achukue vyote. Fundi alitazama akaona malighafi ya miaka kadhaa, shemeji yake akatazama akaona picha zitakazovutia wanunuzi, na sehemu kubwa ya akiba yao ikaishia hapo.

Mpango ulikuwa kufungua duka la mtandaoni lenye bidhaa za aina mbili, zikichanganywa bila mpaka: vitu vya kale vilivyosafishwa na kuuzwa jinsi vilivyo, pamoja na meza na rafu mpya zilizotengenezwa kwa mbao kuukuu na fremu za chuma. Machoni mwa mnunuzi, vyote vilikuwa vya mtindo mmoja. Kwenye daftari la hesabu, hata hivyo, zilikuwa biashara mbili zisizofanana hata kidogo, na karibu kila tatizo lililofuata lilichipuka katika kutolitambua jambo hilo mapema.

Miezi ya mwanzo

Vitu vidogo viliondoka haraka. Stuli, makasha ya droo na taa vilipata wanunuzi mara tu picha zilipowekwa, na wenye duka wakahitimisha kwamba soko limewapokea. Hitimisho hilo lilikuwa sahihi kwa nusu tu, kwa sababu kilichouzika haraka kilikuwa kile ambacho mtu angeweza kukinunua bila kupima mlango wake, bila kuita vijana wa kubeba na bila kushauriana na mwenzake nyumbani. Benchi za kazi zenye urefu wa sentimita 240, ambazo picha zake ndizo zilizotazamwa kuliko zote, hazikupata hata ombi moja la maana katika kipindi hicho, nazo zilikula nusu ya nafasi ya karakana.

Malalamiko ya kwanza yalihusu rangi. Picha za makabati zilipigwa jioni chini ya balbu ya mwanga wa njano, na kijani kibichi cha chuma kikaonekana kama kijivu chenye joto kinachopendwa katika nyumba za kisasa. Mnunuzi alipopokea kabati la kijani hakutumia maneno makali. Alituma tu picha mbili, ile ya dukani na aliyoipiga mwenyewe dirishani, akaomba fedha zake. Alirejeshewa, na gharama ya kulirudisha kabati ikabaki kwa wauzaji, kwa kuwa kosa lilikuwa katika maelezo yao.

Tatizo la pili lilitokana na jina. Katika shehena kulikuwa na stuli za bati lililokunjwa, zinazofanana sana na zile za Kifaransa zilizobuniwa na Xavier Pauchard, fundi wa mabati aliyesajili alama ya biashara ya Tolix mwaka 1927 na ambaye kiti chake maarufu, Modeli A, kilitoka mwaka 1934. Shemeji aliziandika dukani kwa jina hilo la Tolix, si kwa nia ya kudanganya, bali kwa kuwa ndilo neno ambalo watu hulitafuta kwenye intaneti. Mnunuzi mmoja mjuzi aliuliza kama stuli zina mhuri wa mtengenezaji, na upo upande gani. Mhuri haukuwepo. Fundi alishauri tangazo liondolewe siku ileile, na nadhani huo ndio uamuzi wa kwanza wa busara katika kisa hiki: kutumia alama ya biashara ya mtu mwingine kuuzia kitu kisicho chake ni kosa la kisheria katika nchi nyingi, na hata pale ambapo hakuna anayeshtaki, muuzaji wa vitu vya kale anayeshikwa na uongo mmoja huwa hasadikiwi tena kuhusu umri wa kitu chochote alicho nacho.

Meza iliyopasuka

Tukio lililoibadilisha biashara lilikuwa oda ya meza ya kulia chakula, yenye urefu wa sentimita 180, upana wa 90 na kimo cha 75. Uso wake ulitengenezwa kwa mbao za sakafu ya kiwanda zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, na fremu ya chuma ilichomelewa yote kuwa kitu kimoja. Tangazo liliahidi usafiri wa bure. Ahadi hiyo ilikuwa imewekwa kwenye kila ukurasa wa duka tangu siku ya kufunguliwa, wakati bidhaa zilizokuwa zikiondoka ni stuli na droo.

Bei ya msafirishaji ilipokuja, fundi alidhani imekosewa. Meza ilikuwa na kilo 64 kwenye mizani, lakini ilitozwa kama mzigo wa kilo 243. Hakukuwa na kosa. Kanuni inayotumiwa sana na kampuni za usafirishaji wa haraka ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5,000 ili kupata uzito wa ujazo, na mteja hutozwa kwa uzito ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani. 180 mara 90 mara 75 ni 1,215,000, na ukigawanya unapata 243, kabla hata ya kuongeza sponji na mbao za kufungashia. Sehemu kubwa ya kilichosafirishwa ilikuwa hewa iliyo kati ya miguu minne. Faida yote ya meza ilikwenda huko, pamoja na sehemu ya gharama ya kuitengeneza.

Meza ilifika ikiwa na pembe moja iliyogongwa, jambo ambalo mnunuzi alilivumilia kwa kuwa alama moja zaidi haikuonekana sana kwenye mbao zilizokwisha kuchakaa. Wiki kadhaa baadaye aliandika tena: uso wa meza ulikuwa umepasuka kwa urefu wake, na ufa ulipitisha sarafu. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu kosa la aina hii hujirudia kwa watengenezaji wengi wanaoingia kwenye mtindo wa kiwandani wakitokea upande wa chuma.

Mbao hupokea na kutoa unyevu kulingana na hewa inayoizunguka. Inapokauka haifupiki kwa kiasi cha kutajika, ila upana wake hupungua, na kwa mbao nyingi ngumu upungufu huo ni takriban robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopotea. Fundi alikuwa hajapima unyevu kabla ya kuunganisha. Alipoazima kipimo na kuchoma sindano zake katika vipande vilivyobaki vya mbao zilezile, vilionesha asilimia 16. Nyumba ya mnunuzi ilikuwa yenye hewa kavu, ambamo mbao hushuka hadi asilimia 8 au 9. Tofauti ya asilimia saba kwenye meza ya upana wa sentimita 90 ni upungufu unaokaribia sentimita moja na nusu. Chuma hakisogei hivyo, na mbao zilikuwa zimekazwa kwenye fremu kwa skrubu zilizopita katika matundu ya duara yasiyo na nafasi. Uso wa meza ulitaka kusinyaa, fremu ikauzuia, na ufa ukatokea palipokuwa dhaifu zaidi.

Shemeji alitaka kumwambia mnunuzi kwamba mbao kuukuu huwa na nyufa na kwamba huo ndio uzuri wake. Ni jibu ambalo wauzaji wengi hulitoa, na lina ukweli linapohusu ufa uliokuwepo siku ya mauzo na kuoneshwa kwenye picha. Fundi alikataa, akisema ufa huo ameutengeneza yeye mwenyewe.

Maamuzi na sababu zake

Kwa mnunuzi, waliamua kutuma uso mpya wa meza na kuacha fremu ileile huko iliko. Kurudisha meza nzima kungelipiwa tena kama kilo 243, ilhali ubao ulio bapa ungetozwa kwa uzito wake halisi. Fundi aliutengeneza kwa mbao zilizokauka vizuri, akatuma pamoja nao vishikizo vya chuma vyenye matundu marefu yanayoiruhusu skrubu kuteleza kadiri mbao inavyosinyaa au kutanuka, na seremala wa jirani na mnunuzi akalipwa kuufunga.

Kwa bidhaa zilizofuata, mabadiliko yalianzia kwenye mchoro. Fremu iliacha kuchomelewa kuwa kitu kimoja. Ikawa pande mbili za miguu zinazofungwa kwa bolti, na mhimili wa kuziunganisha ukafungashwa pamoja na ubao. Kifurushi cha ubao kilikuwa na sentimita 186 kwa 96 kwa 9, yaani kilo 32 za ujazo, ambazo ni pungufu ya uzito wake wa mizani. Cha miguu kilikuwa na 75 kwa 80 kwa 12, yaani kilo 14 na ushei, nacho pia kikawa chepesi kwa ujazo kuliko kwa mizani. Kwa hiyo meza ileile, yenye sura ileile, ilianza kutozwa kwa uzito wake wa kweli pamoja na vifungashio. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Kiti nambari 14 cha mtengenezaji samani Michael Thonet, kilichotoka mwaka 1859, kilikuwa na vipande sita, skrubu kumi na nati mbili, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika kasha la mita moja ya ujazo. Fundi alikijua kiti hicho kwa umbo lake la mbao zilizopindwa kwa mvuke. Hakuwa amewahi kukitazama kama jibu la swali la usafiri.

Ahadi ya usafiri wa bure iliondolewa kwenye samani kubwa, na mahali pake pakawekwa bei ya usafiri inayoonekana kabla ya mteja kulipa. Shemeji alihofia kwamba oda zitapungua. Zilipungua kweli, lakini zilizopotea zilikuwa zile ambazo kila moja ingewatia hasara.

Duka liligawanywa mara mbili. Upande mmoja ulibaki na vitu vya kale, kila kimoja kikiwa na ukurasa wenye picha za mwanga wa mchana, picha moja ya kila dosari, vipimo vya pande zote pamoja na kimo cha kukalia, na maelezo ya kilichobadilishwa na kilichoachwa. Upande wa pili ulibaki na samani za kuagiza zinazotengenezwa upya, na neno "kale" likafutwa humo, isipokuwa lilipohusu mbao zenyewe.

Yalikuwepo pia maamuzi ya usalama ambayo hayakuleta mapato yoyote yanayoonekana. Taa zote zilisitishwa hadi fundi umeme alipobadilisha nyaya na kuhakikisha kwamba kila mwili wa chuma umeunganishwa na waya wa ardhi. Makabati yenye rangi ya zamani yalipimwa kwa vijiti vya kupimia madini ya risasi kabla ya kuguswa kwa msasa. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi yenye risasi katika matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini vifaa vya viwandani vya kabla ya hapo vilipakwa rangi hizo kwa wingi katika nchi nyingi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Yale yaliyobainika kuwa na risasi hayakukwanguliwa kwa ukavu. Mbao zenye vitundu vya milimita moja au mbili na unga mweupe unaodondoka zilitengwa, kwa kuwa unga mpya ni dalili kwamba wadudu bado wamo.

Oda moja ya nje ya nchi ilikataliwa kabisa. Ilihusu kabati la chini lililobandikwa juu yake tabaka jembamba la mbao ya mti wa jamii ya Dalbergia, walilolinunua kando ya ile shehena. Spishi moja ya jamii hiyo, Dalbergia nigra ya Brazili, imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, tangu mwaka 1992, na kuivusha mpaka bila nyaraka kunaweza kuishia kwa mzigo kutaifishwa. Hawakuweza kuthibitisha ni spishi ipi, wakaamua kuliuza ndani ya nchi. Kuna waliowaambia kwamba wamekuwa waoga mno. Mimi siungi mkono rai hiyo, kwa sababu thamani ya kabati moja haifikii usumbufu wa kesi ya forodha.

Matokeo

Duka bado lipo, ila si lile lililokusudiwa. Sehemu kubwa ya mapato sasa hutokana na meza na rafu za kuagiza, ambazo ukurasa mmoja, picha moja na mchoro mmoja hutumika kwa wanunuzi wengi. Vitu vya kale vimepungua na vinachaguliwa kimoja kimoja. Hakuna tena kununua shehena nzima. Malalamiko ya rangi yamekoma tangu picha zianze kupigwa mchana, na hakuna meza iliyopasuka miongoni mwa zile zilizofungwa kwa vishikizo vyenye matundu marefu.

Benchi kubwa zilikaa muda mrefu. Hatimaye ziliondoka kwa njia ambayo hawakuitarajia: mwenye mgahawa aliyekuja kununua stuli aliziona zikiwa zimeegemezwa ukutani, akazinunua kuwa kaunta na akaja na gari lake mwenyewe. Shemeji alirudi kwenye kazi ya uhasibu kwa siku kadhaa za wiki, kwa kuwa duka halikuweza kuwalisha wote wawili katika mwaka wa kwanza.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko walivyotegemea ni kuonesha dosari. Kurasa zenye picha ya kutu, ya droo inayokwama au ya mguu uliopindika ziliuza bila maswali mengi na karibu bila marejesho, wakati kurasa za mwanzo zilizopambwa ndizo zilizozaa mabishano. Anayenunua kitu cha kale anataka uchakavu, ila autake yeye mwenyewe akiwa ameuona.

Uamuzi wa kutuma uso mpya wa meza nao ulikuwa sahihi kibiashara, mbali na kuwa wa haki. Mnunuzi yuleyule aliagiza rafu baadaye. Hata asingeagiza, fundi alipata kitu ambacho asingekipata kwa kurejesha fedha tu: alilazimika kuchunguza chanzo cha ufa, na uchunguzi huo ukabadilisha ujenzi wa kila meza iliyofuata.

Kilichoshindwa kwanza ni hesabu ya gharama. Bei zilipangwa kwa kuchukua bei ya kununulia, kuongeza vifaa, kisha kuongeza faida. Saa za kuosha, kuondoa kutu kwa brashi ya waya, kupiga picha, kupima, kuandika maelezo na kujibu maswali hazikuhesabiwa popote, na kwa kitu cha kale saa hizo hutumika upya kwa kila kipande. Kabati likiuzwa leo, ukurasa wake unakufa pamoja na kazi yote iliyouandaa. Meza ya kuagiza ikiuzwa, ukurasa unabaki ukingoja mwingine. Mhasibu ndiye aliyepaswa kuliona hili kabla ya fundi, na ni ajabu kidogo kwamba ikawa kinyume chake: fundi ndiye aliyelalamika kwanza kwamba siku zake zinaishia kwenye stuli.

Kushindwa kwa pili kulikuwa katika kuichukulia kasi ya vitu vidogo kuwa kipimo cha soko zima. Stuli huingia kwenye katoni na kubebwa kwa mkono mmoja. Meza ya watu wanane huhitaji mnunuzi aliyejiandaa, kipimo cha ngazi na cha mlango, na msafirishaji anayekubali mzigo mrefu. Kama wangejaribu kuuza meza moja tu kabla ya kuweka ahadi ya usafiri wa bure kwenye tovuti nzima, kanuni ya uzito wa ujazo ingewafikia mapema na kwa gharama ndogo.

Kuhusu kununua shehena nzima, maoni yangu yanatofautiana na ya shemeji, ambaye sasa anauona ununuzi huo kuwa kosa la msingi. Mbao za sakafu zilizotoka humo ndizo zilizotengeneza meza nyingi za kuagiza, na hazingepatikana kwa bei ile mahali pengine. Kasoro ilikuwa kukosa mpango wa vitu visivyouzika: benchi zingetangazwa tangu mwanzo kwa wenye migahawa na ofisi, ambao wana milango mipana na magari, nusu ya karakana ingekuwa wazi miezi mingi mapema.

Shemeji aliwahi pia kupendekeza waache kabisa vitu vya kale. Hesabu zilimuunga mkono, lakini vitu hivyo ndivyo vinavyowaleta watu dukani. Wengi walioagiza meza waliingia wakitafuta stuli au taa. Kwa hiyo vimebaki, kwa sharti moja ambalo mhasibu huyo amelishikilia: kabla ya kutaja bei kwa muuzaji yeyote, fundi huandika makadirio ya saa za matengenezo, na saa hizo hutozwa kwa kiwango kilekile anachotozwa mteja wa meza. Makadirio ya vitu vya mbao yamekuwa yakikaribia ukweli. Ya vitu vya chuma vilivyopakwa rangi mara kadhaa bado yanapitwa mara nyingi, kwa sababu hakuna ajuaye tabaka ngapi ziko chini hadi kazi ianze, na kwa sasa fundi huyaongezea nusu nzima wakati wakisubiri kumbukumbu za kutosha kuwapa kiwango kingine.